Barua Isiyotoka: Historia ya Kutuma Ujumbe Kutoka Pwani ya Kusini ya Kenya

Kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili tofauti, na katika Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, ya pili ndiyo iliyowasumbua watu siku zote. Anayepokea anahitaji anwani na subira. Anayetuma anahitaji mbebaji akubali kuichukua barua yake, na mbebaji huwa na masharti: nauli, stempu, utambulisho, saa za kazi. Wabebaji hao wamebadilika kutoka nahodha na tarishi hadi karani wa posta, opereta wa simu, kijana wa saiba, na sasa kompyuta ya mbali ambayo mwenye simu haioni wala haijui iko nchi gani. Simu inayoingiza baruapepe vizuri lakini haitoi hata moja ni hitilafu ambayo fundi yeyote wa Ukunda amewahi kuletewa. Chanzo chake kikuu ni uamuzi uliopitishwa mwaka 1982 na watu ambao hawakuwa na Kwale akilini, ila mazoea ya kutuma barua yaliyoukuta uamuzi huo ni ya zamani zaidi.

Kabla ya posta, barua za Gazi, Wasini na Vanga ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikakunjwa, zikatiwa sahihi au muhuri wa mwenyewe, kisha zikakabidhiwa nahodha anayekwenda Mombasa, Pemba au Unguja. Ratiba ilikuwa ya upepo. Kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, ulivisukuma vyombo kwenda kaskazini, hivyo barua ya Vanga iliwahi kufika Mombasa na majibu yake yakachelewa. Kaskazi ilipoingia mambo yaligeuka. Nchi kavu walikuwako matarishi waliokwenda kwa miguu, na tarishi hakubeba karatasi tu: alitarajiwa kusema kwa mdomo ni nani aliyemtuma, na mpokeaji alimtambua yeye kabla ya kuufungua waraka. Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyekuwa na makao yake Gazi, aliendesha uhusiano wake na Zanzibar kwa njia hizo. Barua isipojibiwa hapakuwa na namna ya kujua kama ilipotea baharini au iliwekwa kando kwa makusudi, na kero hiyo haijapata dawa kamili hadi leo.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilianzisha huduma ya posta Mombasa mwaka 1890, na stempu zake za kwanza zilikuwa za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake. Pamoja na stempu hizo ukaja utaratibu uliokuwa umeanza Uingereza mwaka 1840: anayetuma ndiye anayelipa, na analipa kabla. Mwaka huohuo 1890 Mombasa ikaunganishwa kwa waya wa chini ya bahari na Zanzibar, ambayo ilikuwa na waya wa kwenda Aden tangu 1879. Tofauti iliyotokea hapo haielezwi vya kutosha katika historia za vita vya Wamazrui vya 1895 na 1896. Maofisa wa Kiingereza walioko Mombasa waliweza kupeleka habari London na kupata jibu kwa muda mfupi, huku Mbaruk, aliyekuwa akizijua njia zote za nyuma ya Gazi, akitegemea miguu ya watu wake. Aprili 1896 alivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani.

Posta ya kikoloni ilifuata barabara. Barua za Kwale, Msambweni na Lunga Lunga zilikusanywa, zikapelekwa Likoni, zikavushwa hadi kisiwani Mombasa, na huko ndiko zilikoanza safari ya kweli. Hata barua ya jirani wa Tiwi kwenda kwa jirani wa Kinango ilijikuta ikizunguka. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Baadaye shirika hilo likawa sehemu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Kenya ikabaki na Shirika la Posta na Mawasiliano, KPTC, lililoshika barua, simu na telegramu kwa pamoja hadi 1999.

Kenya haikuwa na desturi ya mpeleka barua kugonga mlango hadi mlango. Kilichokuwako ni sanduku la posta, na wengi hawakuwa na la kwao. Barua zikaingia kupitia sanduku la shule ya msingi, la hospitali ya Msambweni, la hoteli alikofanya kazi mjomba, zikiwa na maneno "kwa hisani ya" mbele ya jina la mwenye sanduku. Kwa kuingiza, utaratibu huo ulifaa. Kwa kutoa haukusaidia kitu, kwa sababu aliyetaka kuandika ilimbidi apate stempu, na stempu ziliuzwa mahali pachache. Kwa hiyo barua za vijijini zilisafiri sehemu ya kwanza bila stempu: zilikabidhiwa utingo wa basi au mwalimu anayekwenda Ukunda, pamoja na senti za kununulia. Kama mkoba wa barua ulikuwa umekwisha kuondoka, barua ililala. Kama stempu ilipungua thamani, mpokeaji alitozwa tofauti, na jambo hilo liliharibu undugu mwingi kuliko vile karani wa posta alivyodhani. Aliyetaka uhakika alilipia rejista, akabaki na kikaratasi cha kumwonyesha yeyote atakayesema hakutumiwa.

Hoteli za Diani ndizo zilizoleta haraka. Utalii wa ufuo ulipopanuka katika miaka ya 1970, chumba cha Diani kiliuzwa Frankfurt, Zurich na London na mawakala waliotaka jibu siku hiyohiyo, si baada ya majuma mawili. Simu ya masafa marefu ilimtaka mtu aombe laini kwa opereta kisha akae karibu na chombo akingoja kuitwa, na laini ilipopatikana sauti ilikuwa ya kukatikakatika. Teleksi ikawa kitu bora zaidi. Ilichapa maandishi papo hapo kwenye mashine ya upande wa pili, na kabla na baada ya ujumbe mashine ile ya mbali ilirudisha jina lake la utambulisho yenyewe. Mtumaji wa Diani alijua bila kumuuliza mtu kwamba maneno yake yametua kwenye mashine aliyoikusudia. Faksi iliyofuata katika miaka ya 1980 nayo ilitoa karatasi ya uthibitisho. Inafaa kukumbuka hilo, kwa kuwa baruapepe iliyozirithi zote mbili haikurithi sifa hiyo. Baruapepe hukabidhiwa seva ya kwanza, na kuanzia hapo mtumaji anaambiwa "imetumwa", neno lenye maana ndogo kuliko linavyosikika.

Intaneti kamili iliingia Kenya mwaka 1995, ikianzia Nairobi. KPTC ilifungua njia yake ya kitaifa, Jambonet, mwaka 1998. Kutoka Diani, ujumbe ulipita kwenye laini ya kawaida ya simu, yenye nambari za eneo 0127 ambazo baadaye zikawa 040, ukafika kwa mtoa huduma, kisha ukapanda setilaiti. Kila dakika iligharimu. Mahoteli na ofisi zilizomudu zikajenga tabia ya kiuchumi: barua ziliandikwa mchana kutwa huku laini imekatwa, zikakaa kwenye foleni ya kutoka, na jioni modemu ikapiga simu mara moja, ikamwaga zilizoandikwa na kuokota zilizoingia. Foleni hiyo imebaki ndani ya simu za leo kama kikasha cha barua zinazosubiri kutoka, ingawa wengi hawajui kwamba kipo mpaka siku wanapokikuta kimejaa.

Hapo ndipo uamuzi wa 1982 ulipoanza kuonekana. Mwaka huo Jon Postel, mmoja wa wajenzi wa mwanzo wa intaneti, aliandika kanuni za kutuma baruapepe, SMTP, ambazo msingi wake unatumika bado. Kanuni hizo hazikumwuliza mtumaji nenosiri. Mtandao ulikuwa mdogo, wa vyuo na maabara, na seva yoyote ilibeba barua ya yeyote na kuipeleka mbele. Kupokea kulipata kanuni tofauti, na hizo zilidai jina na nenosiri, kwa sababu sanduku ni mali ya mtu. Kwa hiyo programu ya barua ikawa na mipangilio miwili isiyohusiana: seva ya kuingiza na seva ya kutoa. Moja inaweza kuwa sahihi huku nyingine ikiwa na kosa, na ndiyo maana barua huingia kama kawaida wakati hakuna inayotoka.

Ukarimu wa seva ulimalizwa na barua taka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walaghai walikuwa wakitumia seva zilizoachwa wazi kusambaza matangazo kwa maelfu, na watoa huduma wakajikinga kwa kukataa barua ya mtu yeyote asiyekuwa ndani ya mtandao wao. Athari yake ufukweni Diani ilikuwa ya moja kwa moja. Mgeni kutoka Ujerumani au Uingereza aliyekuja na kompyuta yake, iliyopangwa kwa seva za mtoa huduma wa kwao, alisoma barua zake zote akiwa hotelini, lakini kila alipojibu alirudishiwa nambari 550 na maneno ya kukataliwa. Seva ya kwao ilikuwa ikiona barua inatoka Kenya, ikaamini ni ya mlaghai. Mapokezi ya hoteli yakajifunza dawa ya haraka: kubadilisha seva ya kutoa pekee, mgeni akawekewa ya mtoa huduma wa Kenya kwa muda wa likizo, kisha airudishe ya zamani atakapofika nyumbani. Waliosahau kuirudisha walipatwa na tatizo lilelile upya, safari hii wakiwa kwao.

Tiba ya kudumu ilikuwa tayari imeandikwa. Desemba 1998 ulitengwa mlango mpya, nambari 587, kwa ajili ya barua inayotoka kwa mwenyewe kwenda kwa seva yake, tofauti na mlango wa zamani nambari 25 ambao seva hutumia kupelekeana barua. Mwaka 1999 ukakubaliwa utaratibu wa mtumaji kujitambulisha kwa nenosiri. Tangu hapo haikujalisha tena mtu yuko wapi, mradi athibitishe ni nani. Watoa huduma, hata hivyo, walichukua miaka mingi kuhamia huko, na maelekezo ya zamani yenye nambari 25 yaliendelea kunakiliwa kutoka simu hadi simu.

Wenyeji wa Kwale wengi hawakuyaona haya yote, kwa sababu walikutana na baruapepe ndani ya saiba. Miaka ya 2000 ilipoanza, saiba zilifunguliwa Ukunda na kando ya barabara ya Diani, kisha Kwale mjini na Msambweni, na huko barua ilisomwa na kuandikwa kwenye tovuti: Hotmail, iliyoanza 1996, na Yahoo. Barua ya tovuti haina seva ya kuingiza wala ya kutoa ya kupangwa na mtumiaji. Kazi hiyo hufanyika nyuma ya pazia. Kilichomtia mtu hofu kilikuwa saa. Malipo yalihesabiwa kwa dakika, laini ilikuwa nzito, na aliyebonyeza "tuma" kisha ukurasa ukaganda alilipa dakika za kungoja na bado hakujua kama barua imekwenda. Wazoefu waliandika kwanza kwenye karatasi, wengine kwenye programu ya maandishi, wakainakili mwishoni.

Saiba ilileta pia mazoea yaliyokuja kuwa shida baadaye. Mhudumu ndiye aliyemfungulia mteja anwani. Yeye ndiye aliyechagua jina, akabuni nenosiri, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, na pale palipotakiwa nambari ya simu ya kurejesha akaunti, mara nyingi aliweka yoyote iliyokuwa karibu. Kwa barua mbili tatu za kuomba kazi ya hoteli, hilo lilitosha. Mifumo ya serikali ilipohamia mtandaoni kuanzia 2013 na 2014, kodi kwa iTax na huduma nyingine kwa eCitizen, anwani ikawa sehemu ya utambulisho wa mtu, na karatasi ile ikaanza kutafutwa kwenye mifuko ya suruali za zamani.

Simu ya mkononi ilirudisha mipangilio miwili ambayo saiba ilikuwa imeificha. Katikati ya miaka ya 2000 mitandao ya Kenya ilikuwa na data ya GPRS, na simu za Nokia zilikuja na programu yake ya barua. Kabla ya kufikia barua yenyewe, simu ilitaka kwanza jina la lango la data. Kwa laini ya Safaricom lilikuwa "safaricom", jina la mtumiaji "saf" na nenosiri "data". Waliokosa hilo hawakuingiza wala kutoa chochote, na hao walikuwa rahisi kutibu. Wagumu walikuwa wale ambao barua ziliingia. Fundi mwenye subira alifungua mipangilio ya seva ya kutoa na kuangalia mambo manne: jina la seva lenyewe, nambari ya mlango, aina ya usimbaji, na kile kisanduku kidogo kinachosema seva inahitaji uthibitisho. Hicho cha mwisho ndicho kilichoachwa bila alama mara nyingi zaidi, kwa kuwa simu nyingi hazikukijaza zenyewe na mwenye simu aliona nenosiri amekwisha kuliandika upande wa kuingiza.

Ujumbe wa kosa ulisaidia kwa aliyejua kuusoma. Kanuni za 1982 ziliweka kwamba jibu linaloanza na 4 ni la muda: seva ina shughuli, jaribu tena. Linaloanza na 5 ni kukataa, na kurudia bila kubadilisha kitu ni kupoteza bando. 535 ni jina au nenosiri lisilokubalika, 550 mara nyingi ni kukataliwa kubebewa au anwani isiyokuwapo, 552 ni barua iliyozidi ukubwa. Palikuwa na kosa moja lililowachanganya hata wajuzi: simu iliyotolewa betri na kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na simu yenye tarehe potofu hukikataa kabla hata nenosiri halijatumwa. Kurekebisha kalenda kulimaliza kazi. Kusini kabisa, Lunga Lunga na Vanga, simu huweza kushika mlingoti wa Tanzania, na kama data ya ng'ambo imezimwa barua hubaki foleni huku alama za mtandao zikionekana zimejaa.

Nyaya mpya za baharini zilibadilisha kasi kuliko zilivyobadilisha hitilafu. TEAMS, kutoka Fujairah, ilifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo. Setilaiti ikaachwa. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ya Mombasa iliikata TEAMS, na Mei 12, 2024 SEACOM na waya mwingine, EASSy, zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini. Nyakati kama hizo foleni za kutoka zilijaa nchi nzima, na fundi hakuwa na la kugusa. Wakati huohuo simu za Android za bei nafuu, zikiongozwa na Huawei Ideos iliyouzwa Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, zilikuja na Gmail inayojipanga yenyewe. Kwa mara ya pili seva ya kutoa ikafichwa.

Yaliyobaki yakawa matatizo ya aina nyingine. Mwombaji kazi wa Msambweni anayepiga picha vyeti vyake kwa simu huona jumla ya megabaiti 20 na kudhani yuko chini ya kikomo cha 25 cha Gmail. Lakini kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti tatu zikawa herufi nne, na mzigo hukua kwa thuluthi moja hivi: 20 zinakaribia 27. Kupunguza ukubwa wa picha, au kuzifanya hati moja ya PDF yenye ubora wa wastani, ndiyo njia. Mei 30, 2022 Google iliacha kukubali nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za zamani, na simu kuukuu zilizokuwa zikifanya kazi miaka mingi zikanyamaza ghafla. Wenyewe walijaribu nenosiri mara kumi wakiamini wamelisahau, na wale waliofunguliwa akaunti saibani hawakuweza kuingia kuthibitisha kwa sababu nambari ya kurejesha haikuwa yao.

Badiliko la karibuni linawagusa wenye nyumba za wageni na vilabu vya kupiga mbizi vya Diani na Shimoni wanaotumia anwani yenye jina la biashara yao wenyewe, yaani kikoa chao. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo humtaka kila mtumaji awe na rekodi ya SPF au DKIM, yaani tangazo la wazi kwenye kikoa chake linalotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, au sahihi ya kidijitali juu ya kila barua. Kikoa kilichosajiliwa zamani na kuachwa huwa hakina hata mojawapo. Barua ya kuthibitisha chumba inatoka kwenye simu bila kosa lolote, seva ya mwenye nyumba inaipokea, kisha inakataliwa au kutupwa kwenye taka za mgeni aliyeko Hamburg. Kubadilisha mlango au nenosiri kwenye simu hakusaidii hapo. Rekodi huongezwa kwa aliyesajili kikoa, na huchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku moja au mbili, kabla ya seva zote za dunia kuiona.